Nishikie Duka

Siku hizi sina nguvu ya kugombana. Zamani mteja akinijibu ovyo nilikuwa nashuka kwenye stuli, nafunga khanga kiunoni, na mtaa mzima unajua leo kuna kazi. Sasa hivi mtu ananiambia, "Mama, bei zako zimechangamka," namwangalia tu. Namwambia haya, panda ghorofani kaulize. Anapanda, anashuka, ananunua kwangu, maana bei ya juu na ya chini ni ile ile. Kwa nini ni ile ile, ndiyo habari ninayotaka kuisema.

Nakaa Kigamboni. Asubuhi navuka pale Magogoni, nasimama kwenye pantoni na watu ninaowajua sura tangu zamani, hata salamu tumechoka kupeana. Nafika Kariakoo, nafungua kufuli, nakaa. Jioni nafunga, navuka. Miguu imevimba, mgongo ndiyo usiseme. Nauza vyombo: chupa za chai, hotpoti, masinia, mabakuli, sahani za maua, vitu ambavyo mwanamke akiviona anasahau alichotumwa. Duka lenyewe ni fremu moja ya chini, nyembamba, tukiwa wawili ndani mmoja lazima atoke ndipo mwenzake ageuke.

Fremu hii aliianza mama yangu. Alitoka Masasi na vikombe kwenye gunia, akavipanga chini mbele ya nyumba hii hii, enzi hizo nyumba ya bati yenye baraza. Mwenye nyumba akamzoea, akampa chumba cha mbele. Nyumba ilipovunjwa ijengwe ghorofa, wapangaji wote waliambiwa wataitwa, na wengi mpaka leo hawajaitwa. Mama hakungoja kuitwa. Alikuwa anakuja kila asubuhi anakaa kwenye tofali katikati ya mafundi, anawauzia uji, mpaka ghorofa likaisha na yeye yumo. Akapewa fremu ya chini. Alipokuwa mgonjwa hakuniusia mambo mengi. Aliniambia, "Hiyo fremu usiiachie." Basi, hilo tu. Sina mali nyingine, sina shamba, hilo ndilo nililoachiwa nilinde. Na mpaka leo nimekaa humo humo, lakini imeshanitoka.

Jirani yangu alikuja na godoro. Ni Mchina, mwanamke wa rika langu au mdogo kidogo, sijawahi kumwuliza. Alichukua chumba ghorofa ya kwanza, juu yangu kabisa, akapandisha mabegi mawili, godoro la kukunja na sufuria la umeme. Sisi wa chini tulimcheka. Tulizoea Wachina wa makontena, wenye magodauni na madereva. Huyu alikuwa anauza vifuniko. Nasema vifuniko tu, vya chupa za chai, vile vya juu vya kunywea na vizibo vya ndani. Nikasema maskini huyu atakula nini mjini hapa.

Kiswahili alikiokota haraka kuliko wote niliowahi kuwaona. Ilipofika mahali tukaweza kuongea, akanieleza. Kaka yake ana karakana huko kwao, ni sebule tu yenye mashine. Mtaa wao wote unatengeneza vifuniko. Mtaa wa pili unatengeneza mishikio, wa tatu chupa yenyewe, wa nne maboksi ya kufungia. Hakuna mwenye kiwanda cha kutisha, akasema, wote watu wadogo, kama sisi, dada. Tukawa majirani kweli. Namletea wali maharage, ananipa chai yake isiyo na sukari ambayo nilikuwa naimwaga akigeuka. Nikimwona amechoka namwambia jirani, lala basi, anacheka tu.

Ukutani kwangu nimebandika kama wanavyobandika wote: mali ikishauzwa hairudishwi. Yeye alinishukia na karatasi nimwandikie tangazo lake. Nikauliza niandike nini. "Leta iliyovunjika," akasema. Nilidhani amekosea, nikamwuliza tena. Hakukosea. Watu wakaanza kuleta chupa zilizopasuka, vizibo vilivyofumuka, mishikio iliyong'oka, hata ambavyo hakuviuza yeye. Anakaa na mtu kama daktari. Ilivunjikia wapi? Kwenye gari? Juu ya jiko? Wewe unakaa wapi? Huko nani anauza? Anapiga picha, anamtumia kaka yake. Mama mmoja wa Songea alimwambia kizibo kinaruka gari likipita kwenye matuta. Mzigo uliofuata ukaja na kizibo chenye mpira mnene. Mimi malalamiko hayo ya vizibo nimeyasikia tangu nikiwa msichana, na kazi yangu ilikuwa kuyashinda kwa mdomo.

Baada ya vifuniko zikaja chupa. Chumba kikawa vyumba viwili. Mume wake akaja, akakaa kidogo, akaenda Lusaka na godoro lake. Binamu akaja, akaenda Kampala na lake. Nilimwuliza mnachaguaje pa kwenda, nikitegemea ataniambia mambo ya benki au ubalozi. "Tunaenda kule chupa zinakovunjika," akasema, wala hakucheka. Shida yao, akaniambia, si mali. Mali ipo. Shida ni watu wa kukaa dukani. Kwao ndugu ni wachache, na wachache hao wameshatawanyika wote. Nikamwambia kwetu kinyume chake, watu tele, mali ndiyo hatuioni.

Hapo mimi nilikuwa bado mwenye duka. Na nilikuwa na mteja wangu mkubwa, mama mmoja wa Lubumbashi, aliyeanza kununua kwa mama yangu. Alikuwa na duka lake huko la vyombo, na kila sikukuu ikikaribia alikuwa anasafiri mpaka Kariakoo. Akifika anavua viatu mlangoni, namwachia stuli, mimi nakaa kwenye boksi. Anakunywa soda, anachagua taratibu, ananiambia huko kwao wanapenda maua makubwa, muzuri sana, siyo haya madogo madogo. Nilikuwa naagiza maua makubwa kwa ajili yake yeye peke yake. Yule mama ndiye aliyekuwa analipia kodi ya fremu hii, hata kama mwenyewe hakujua.

Kaka yangu mkubwa akafariki Masasi. Simu ilinikuta kwenye pantoni asubuhi, watu wakanishika.

Mama alikuwa na utaratibu wake. Ukifiwa, unafunga duka. Anakata kipande cha boksi, anaandika TUNA MSIBA, anabandika mlangoni, anaondoka, hata kama mteja kasimama na hela mkononi. Nami nilifunga hivyo alipokufa yeye, nikafunga kwa shangazi, nikafunga kwa baba mdogo. Safari hii Ramadhani ilikuwa imekaribia, wanawake wanatafuta vyombo vya futari, na mzigo wangu, ambao tulichangia kontena na wenzangu, ulikuwa umeshushwa juzi yake. Maboksi hata kamba hayajakatwa. Nilisimama pale na kipande cha boksi na kalamu, nalia, sijaandika kitu. Jirani akashuka ngazi. Alinipa pole na bahasha nyeupe ya rambirambi, kaishika kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Jirani, nishikie duka."

Hilo neno Kariakoo tunaambiana kutwa nzima. Mtu anaenda kuswali, anaenda kula, anaenda kumwona mgonjwa Muhimbili: nishikie duka. Jirani anasogea mlangoni kwako, akija mteja anamuuzia anachokijua bei, asichokijua anamwambia mwenyewe anarudi. Ni kukaa tu, mlango usiwe mtupu. Mimi mwenyewe nimeshikia watu maduka, na mara nyingi nilikuwa nasinzia.

Nilikaa Masasi mpaka tukaanua matanga. Simu huko ilikuwa inashika ukipanda kilimani, na miguu hii haipandi vilima. Niliporudi nilipita mlango wangu. Sitanii, niliupita, nikarudi nyuma. Rafu zimefutwa vumbi, juu kuna taa mpya nyeupe, na hakuna kitu. Maboksi hayapo. Zile hotpoti za kijani zilizonigandia tangu mama yu hai, hazipo. Jirani amekaa kwenye stuli ya mama, simu ameisimamisha kwenye kijiti mbele yake, anaionyesha sinia la mwisho, na huko ndani ya simu watu wanaligombea.

Alinipa hesabu, ikatimia. Nalisema hili nisije nikaulizwa tena: hakuniibia hata kijiko. Kulikuwa na hotpoti moja ina ufa, aliiuza, na alimwambia mteja ina ufa. Macho yalikuwa mekundu kwa kutolala, na alikuwa ananiangalia usoni, anangoja nifurahi. Nikasema ahsante sana, jirani. Moyoni nilikuwa nimeingiwa na baridi ambayo sikuijua ya nini.

"Mama wa Lubumbashi alikuja," akaniambia. "Alilia, kwa ajili ya kaka yako. Alinunua nyingi. Nimempa namba yangu, maana wewe hupatikani."

Sasa duka tupu hapa kwetu ni balaa. Mteja akiona rafu nyeupe leo na kesho, keshokutwa hakati kona yako. Na mzigo wa kuchangia kontena si wa kuagiza leo ukaupata Ijumaa, ni miezi, na wenzangu walikuwa hawako tayari. Jirani akasema chukua za juu, panga, uza, tutahesabiana. Ningefanyaje? Nikachukua. Nikamshukuru na hapo pia. Nikapanga chupa za kaka yake kwenye rafu za mama, na nikajiambia ni za kushikizia tu.

Wateja wangu wakarudi, lakini walikuwa wanakuja kunisalimia. Wanawake wa Mtwara, wa Songea, ninaowajua mpaka wajukuu wao, wananiletea korosho, wanakaa, tunaongea, halafu nikiuliza leo tunafunga mzigo gani, mtu ananionyesha simu. "Tumeshaagiza kwa dada wa juu." Hakuna aliyeninunia. Mama wa Lubumbashi hakuja sikukuu ile, wala iliyofuata. Mzigo ulikuwa unatoka kule kwa kaka wa jirani unakwenda moja kwa moja mpaka mlangoni kwake, maua makubwa kama anavyotaka. Nilimpigia simu, akafurahi mno kunisikia. "Mama, sasa sichoki tena na njia," akasema. Nikamwambia afadhali, mwenzangu.

Niliona wivu, sitaficha. Usiku nilikuwa nalala nao. Si kwa sababu ya hela. Ni kwamba alikaa kwenye stuli ile kidogo tu, akafanya nilichokuwa nakisukuma maisha yangu yote, na akaniona mimi ndiye wa kuonewa huruma.

Kodi ikafika. Mwenye nyumba sasa ni mtoto wa yule wa zamani, naye ameshakuwa mzee, anakaa kwenye fleti Mchafukoge. Anataka kodi ya mwaka kwa mkupuo. Nilikwenda kumwomba anivumilie. Shikamoo, marahaba, karibu chai. Nikaanza maelezo yangu niliyoyapanga njia nzima, akanikatiza kwa upole. "Mbona yamekwisha, mwanangu? Dada yako wa juu keshalipa, tena ya mbele." Sikuuliza ya mbele mpaka lini. "Nikajua mmekubaliana," akasema. "Mnavyopendana vile." Nikainywa ile chai mpaka ikaisha, nikarudi Kariakoo kwa miguu juani.

Siku hiyo nguvu ya kugombana ilinirudia. Nilipanda ngazi khanga nimeshaifunga, maneno yamejipanga. Nikamkuta amelala juu ya maboksi, viatu miguuni, kijiko bado kakishika, bakuli la tambi limepoa pembeni. Akafumbua macho. "Dada, kodi nimelipa, usiwaze tena," akasema. "Wewe msiba, mzigo, mawazo. Sasa pumzika." Na alikuwa anamaanisha, ndilo lililonimaliza. Mtu akikuibia unapiga kelele, watu wanajaa. Huyu ningepiga kelele kwamba amenilipia kodi? Nikafungua khanga, nikashuka, nikakaa.

Baadaye likatoka lile tangazo la serikali kwamba wageni wasiuze rejareja. Mtaa ulichangamka, mawinga, wale wanaokamata wateja barabarani, wakawa wanapita juu na chini wakicheka. Mimi niliendelea kupanga vyombo. Maofisa walipopita, jirani alikuwa juu kwake. Mmoja, kijana mwenye adabu, aliniamkia, akasoma leseni ukutani, jina ni langu. "Mama, duka hili la nani?" akauliza. Hapo ndipo ningeweza. Ningesema la yule wa juu, mzigo wake, kodi yake. Wangemtoa, na mimi ningebaki na rafu nyeupe, wateja wote wako kwenye simu yake, na mwenye nyumba anatafuta mwingine wa kumpangisha. "Langu," nikasema. "Lilikuwa la mama yangu." Akaandika, akanitakia kazi njema. Neno hilo nimelisema kwa majivuno miaka yote, na siku hiyo nililisema huku nikifuta sinia lisilo na vumbi.

Tangu hapo mwisho wa mwezi jirani ananipa bahasha. Hatujawahi kuiita mshahara. Anaiita ya chai, nami naipokea kwa mikono miwili, nimejifunza kwake.

Ndugu zake sasa wamekwisha kabisa, kila mmoja yuko mji wake, kwa hiyo anazunguka mwenyewe. Mwezi huu aliniachia na ufunguo wa juu. "Dada, nishikie duka," akasema, sawasawa kama nilivyomwambia mimi, akabeba lile lile godoro la kukunja. Juzi akanitumia picha. Amekaa kwenye stuli, nyuma yake rafu za hotpoti, juu taa mpya nyeupe. Nikadhani ni humu ndani. Nikajiuliza kaipiga lini. Halafu nikaona ukutani maandishi ya Kifaransa. Chini ameandika: mama wa Lubumbashi amefiwa na dada yake, ameenda Kolwezi kuzika, namshikia duka.

Nilishuka kwenye stuli nikakaa kwenye boksi. Nikampigia yule mama. Iliita mpaka nikakata tamaa, ndipo akapokea, nyuma yake wanawake wanaimba. Nikampa pole. Akalia, akanisimulia ugonjwa wa dada yake tangu ulivyoanza, nikamsikiliza yote, maana msiba kwanza. Alipotulia nikamwambia, "Mama, rudi ufunge duka."

"Kufunga? Kwa nini? Dada yako yuko pale. Anauza sana, mama. Ameuza mpaka zile za zamani."

"Rudi ufunge. Kata boksi, andika una msiba, bandika mlangoni."

Nikasikia anasogea mbali na waimbaji. "Mama, aliiba kitu yako?"

"Hapana."

"Alikufukuza?"

"Hapana. Nipo dukani hapa."

"Sasa?"

Mlangoni kulikuwa na mwanamke kasimama na kizibo kilichofumuka mkononi, ananingoja nimalize simu. Nikamfanyia ishara aingie. Nilitafuta la kumwambia yule mama, nikalitafuta kweli, na kila nililolishika lilikuwa jambo jema nililotendewa. "Hakuna kitu, mama," nikasema. "Zikeni salama." Nikakata simu. Nikapokea kile kizibo, nikakiweka kwenye mwanga, nikakipiga picha, nikamwuliza yule mwanamke kilivunjikia wapi.